Sindano Iliyoonekana Kwenye Picha

Mtu aliyevunjika mguu ana raha yake. Anakaa barazani mguu umefungwa, wapita njia wanampa pole, watoto wanagusa bandeji, na hakuna anayemwuliza kama kweli unauma. Mimi niliumia kinena. Kinena hakikuvimba, hakikutoa damu, na si mahali pa kufunuliwa mbele za watu. Nilipojaribu kueleza, wazee waliinamisha macho na vijana walicheka. Mmoja aliniuliza kama ni mtoki, ule uvimbe wa tezi. Mwingine akaapa kuwa ni mshipa, yaani ngiri, tena akasema kwa sauti, pale pale sokoni Kariakoo, mbele ya wauza ndizi.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi baiskeli mchana, na jioni nilikuwa winga wa kulia wa timu ambayo sitaitaja, maana wenyewe bado wapo na bado ni wagomvi. Nilikuwa na mke na mtoto wa kwanza, wa miezi minane. Mke wangu alikuwa dada yake beki wa timu pinzani. Tulipooana watu waliliona hilo jambo la kufurahisha, wakatutania harusi nzima. Utani huo ulikuja kunigeukia.

Niliumia kwenye mechi dhidi ya timu hiyo ya shemeji. Niliunyoosha mguu kuufuata mpira uliokuwa ukitoka nje, nikahisi kitu kinavutika juu kabisa ya paja, pale linapokutana na tumbo. Nikajipa moyo, nikaendelea. Dakika za mwisho mpira ulipita hatua mbili mbele yangu na sikuufuata. Nilishindwa kuufuata, lakini kutoka pembeni mwa uwanja kushindwa na kukataa vinafanana. Beki aliyeuchukua mpira ule ni shemeji yangu. Akaupiga mbele, wakafunga, mechi ikaisha.

Kufika alfajiri ya kesho yake Kariakoo nzima ilikuwa inajua kwamba nimeuza mechi.

Nilikuwa mtu wa hasira enzi zile, na hasira zilizidi kwa sababu nilikuwa naumwa kweli. Nikikohoa nilishika ukuta. Kuvaa suruali niliketi kitandani kama mzee na kuingiza mguu polepole. Kuchuchumaa penye gurudumu la baiskeli, kazi niliyokuwa nikiifanya tangu nikiwa kijana mdogo, kulinitoa jasho. Mke wangu aliyaona hayo yote. Siku ya tatu alifungua sanduku lake akatoa mkaja, kile kitambaa kirefu ambacho wanawake wetu hufungwa tumboni na nyongani wakishajifungua, ili mwili urudi na mifupa ishikane. Chake kilikuwa bado kinanuka karafuu.

"Jifunge huu," aliniambia. "Mimi baada ya kuzaa nilikuwa siwezi kugeuka kitandani. Mama alinifunga, nikaweza."

Nilimjia juu. Nilimwambia mimi si mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, mimi ni mchezaji mpira, na asirudie. Akaukunja akaurudisha sandukuni, wala hakununa.

Mechi ya marudiano ilikuwa wiki tatu mbele, na kamati ikatuweka kambini. Asiyeijua kambi ya siku zile atadhani ni mahali pa mazoezi. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita mtaa wa nyuma ya soko, tukafungiwa humo wanaume kumi na sita, mlango wa mbele ukatiwa kufuli kwa nje. Madirisha ya upande wa barabarani yalipigiliwa misumari ili mtu asitutupie kitu. Ukuta wa ua ulipandwa vipande vya chupa. Chakula alipika mama mmoja tu, na maji ya kunywa yalitoka kwenye mtungi mmoja uliokuwa ukilindwa. Jioni tulitolewa kwa mstari kwenda mazoezini, tukarudishwa kwa mstari.

Ufunguo alikuwa nao mjumbe mmoja wa kamati, muuza nazi wa sokoni, mzee mwembamba mwenye kofia safi sikuzote. Sisi tulimwita Mzee wa Ufunguo. Alitupenda, nakiri. Alitupenda kama mtu anavyopenda kuku wake wa mashindano. Alikuwa na sheria zake: hairuhusiwi dawa ya nje, hairuhusiwi mafuta ya kuchua ya nje, na chochote chenye ncha hakiingii kabisa. Misumari, pini, sindano, vyote vilikuwa vitu vya hatari, kwa sababu mtu mbaya humroga mwenzake kwa ncha. Wake zetu waliruhusiwa kuja Ijumaa mchana tu, kuleta nguo safi, naye aliikunjua kila nguo mlangoni kabla haijaingia.

Wiki ya kwanza sikuweza kukimbia. Nilijifanya nakimbia. Wenzangu walinitazama kwa pembeni, na usiku walipokuwa wakizungumza walinyamaza nikiingia. Kulala chumba kimoja na watu watatu wanaokudhania msaliti, mlango umefungwa kwa nje na dirisha limepigiliwa, ni jambo ambalo simtakii adui. Nilitamani kutoka hata kwa saa moja. Lakini kuomba kutoka kungekuwa ushahidi mwingine.

Ijumaa mke wangu alipokuja nilimwona uso tu, nyuma ya bega la Mzee wa Ufunguo. Nilimwambia, "Niletee ile nguo." Akaelewa. Ijumaa iliyofuata aliuleta mkaja ndani ya nguo safi, umekunjwa vizuri, na yule mzee akadhani ni kilemba. Ndani ya ukosi wa kanzu yangu alikuwa amechomeka sindano ya kushonea, na uzi tayari tunduni. Kitambaa hicho ukikifunga fundo hulegea ukikimbia, lakini ukikishikiza kwa mishono minne mitano, kinatulia.

Asubuhi ya kesho yake nilijifungia chooni nikajishona. Nasema kweli, maumivu yalipungua nusu. Niliona aibu, na nilishukuru, vyote kwa pamoja. Sindano sikuwa na pa kuiweka. Ikikutwa chini ya godoro langu nimekwisha. Basi niliiacha pale pale, nimeichomeka kwenye kitambaa, imelala sawa na nyonga. Nikavaa kaptula juu yake na hakuna aliyejua.

Nilikuwa nimechelewa hata hivyo. Kamati ilikuwa imekwisha kukaa. Jumatatu waliniita uani, wakanikalisha kwenye kigoda.

"Kijana," alisema Mzee wa Ufunguo, "wewe unasema unaumwa. Sisi hatuoni kidonda. Kuna daktari Mhindi pale karibu na Mnazi Mmoja, ana mashine ya kupiga picha ya ndani. Tunaenda wote wawili. Picha ikionyesha kitu, wewe ni mwanetu na tutakuomba radhi. Isipoonyesha kitu…"

Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Nilifurahi, mjinga mimi. Niliamini mashine inaona maumivu.

Tulivuka viwanja vya Mnazi Mmoja saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, mimi mbele na mzee nyuma. Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyonaswa. Nilikuwa nachechemea kwa haki kabisa, lakini kwa kuwa alikuwa akinitazama mgongoni, nilianza kufikiria kila hatua. Nisipochechemea sana atasema nimepona. Nikizidisha atasema naigiza. Mkaja ulikuwa unanisaidia kutembea vizuri, na kutembea vizuri kulikuwa kunaniangamiza. Mtu aliyekuwa anauza kahawa alinipa pole nikamchukia.

Zahanati ilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba ya familia ya daktari mwenyewe. Juu ya mlango kulikuwa na shada la maua ya manjano, na kutoka ndani kulinukia binzari ya mtu anayekaanga vitunguu. Msaidizi wa daktari, kijana mwenye koti jeupe, alinipa shuka akanionyesha pazia.

"Vua vyote," alisema. "Mkanda, hirizi, pesa mfukoni, kifungo, chochote. Chuma kinaharibu picha."

Nikaingia nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeamua kuutoa mkaja. Naapa nilikuwa nimeamua. Nimeshaanza kuupapasa ule uzi, mkono wa Mzee wa Ufunguo ukapita kwenye pazia, kiganja wazi.

"Nipe nguo zako nikushikie, mwanangu."

Alikuwa anasaidia. Au alikuwa anakagua, sikuwahi kujua. Nikampa shati. Nikampa suruali, nikampa na kaptula. Kiganja kikarudi tena, wazi, kinangoja.

"Basi?"

"Basi, mzee."

Hapakuwa na msumari ukutani, hapakuwa na kiti, hapakuwa na pa kutupa kitambaa cha dhiraa tatu chenye harufu ya karafuu na sindano ndani yake. Nikajifunga shuka juu ya mkaja nikatoka.

"Umevua vyote?" aliuliza msaidizi.

"Nimevua."

Hilo ndilo neno langu. Maisha yangu yote nimesema uongo mwingi mdogo mdogo, wa kuchelewa kazini, wa kumridhisha mama mkwe. Huo mmoja ndio nauona hadi leo.

Meza ilikuwa baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri. Walinilaza chali, miguu imegeuzwa vidole ndani, jambo lililoniuma hadi machozi yakatoka, na mashine ikashushwa juu ya kinena changu. "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike." Nikazuia pumzi. Nilihisi sindano imelala pale kwenye nyonga, nikaomba Mungu mashine isiione, na papo hapo nikaomba ione maumivu yangu. Mashine ilifanya kinyume.

Tuliitwa saa nane mchana. Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Picha aliitundika kwenye kisanduku cha taa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona mifupa yangu: bakuli kubwa jeupe la nyonga, vichwa viwili vya mapaja. Na juu kidogo ya pale panaponiuma, mstari mmoja mweupe kuliko yote, mwembamba, umenyooka, una tundu dogo mwishoni.

"Mfupa hauna kitu," alisema daktari. "Nadhani ni nyama, pale inaposhika mfupa. Picha inaona mfupa, nyama haioni. Lakini hiki ni nini? Ulikuwa umevaa nini?"

Mzee wa Ufunguo alikuwa ameketi karibu nami, nguo zake zikinigusa. Alikuwa amesogeza shingo mbele.

"Sikuvaa kitu," nilisema.

Daktari aliniangalia, akamwangalia mzee, akaniangalia tena. "Basi tupige nyingine ya ubavuni. Tuone iko ndani au iko nje."

"Inatosha, daktari," alisema mzee, na alikuwa amekwisha kusimama. "Hii siyo ya zahanati. Tupe picha yetu. Mwanangu, nisamehe. Nisamehe sana. Sisi tulikudhania, kumbe wamekupiga sindano."

Akanikumbatia mbele ya daktari. Nilikuwa sijakumbatiwa na mtu kwa wiki mbili. Nikalia, naye akalia.

Nyuma ya mabega yake daktari alinena polepole, "Usicheze wiki sita. Unasikia? Wiki sita." Nilisikia mimi peke yangu.

Picha ile haikukaa kwenye bahasha hata nusu saa. Barazani penye klabu, jirani na kambi yetu, waliishika dhidi ya jua, wakapokezana. Wauza nguo, wapagazi, masharifu, mwenye duka la jumla kutoka Kilimanjaro aliyekuwa hajali mpira hata kidogo, wote waliangalia nyonga zangu. Hakuna aliyeuliza mfupa upi ni upi. Waliuliza iko wapi, wakaonyeshwa, wakasema "Lahaula!" Mtu aliyenitangaza sokoni kuwa nina mshipa alikuja kunishika mkono. Kambini nilipewa kitanda cha dirisha la uani, penye hewa. Kapteni aliniletea chai mwenyewe. Mimi nilikunywa chai hiyo ikiwa na sukari nyingi, nikanyamaza, na nilijisikia vizuri. Hilo linaniumiza kulisema kuliko mengine.

Siku mbili tu. Siku ya tatu kamati ilianza kuuliza sindano ilipita wapi. Chakula kilipikwa na mama mmoja, na wote tulikula. Maji yalilindwa. Kilichoniingilia mimi peke yangu ni nguo. Na nguo zangu zililetwa na nani? Na kaka yake huyo anachezea nani?

Nilisema hapana. Nilisema mke wangu hawezi. Nilisema kwa nguvu, nikasimama, nikapiga meza. Mzee wa Ufunguo alinisikiliza kwa huruma.

"Mtu aliyefungwa hajui kama amefungwa," alisema. "Basi tuambie wewe. Iliingiaje?"

Wote walikuwa wananingoja, watu wapatao ishirini. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikisema sindano ilikuwa kwenye kitambaa, basi picha haina kitu, basi siumwi, basi niliuza mechi. Tena niliingiza ncha kambini kwa siri, kutoka kwa dada wa beki wao. Tena nimevaa nguo ya mzazi. Kila mlango niliousukuma ulifungukia chumba kile kile. Nikaketi.

Ijumaa alikuja na kikapu chake kama kawaida, mtoto mgongoni. Hawakumruhusu kufika mlangoni. Walimsimamisha barazani, mbele ya ile picha, ambayo sasa ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha dirisha la klabu, na Mzee wa Ufunguo akamweleza kwa adabu zote kwamba imeonekana vyema aende kwao, mtaa wa Gerezani, mpaka mambo yatakapotulia, na kwamba mumewe atamtumia habari. Walikuwa wamenitoa nje nishuhudie.

Aliitazama picha. Nilimwona akiitambua. Ilikuwa sindano yake ya pekee, na aliijua kwa tundu lake lililokuwa limepinda kidogo. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa anaweza kusema, maneno manne tu: sindano hiyo ni yangu. Hakusema. Alinipa nafasi niseme mimi. Alinipa muda mrefu, mpaka mtoto akaanza kulia.

Niliangalia miguu yangu.

"Haya wazee wangu," alisema. "Kwaherini." Akaweka kikapu chini, akakigeuzia upande wangu kishikio, akaondoka. Nikarudishwa ndani na kufuli likafungwa.

Kilichofuata kilikuwa haki yangu. Ikiwa sindano imeingia, lazima itolewe. Wakamleta mganga wao siku tano kabla ya mechi. Nilikuwa nimeuvua mkaja alfajiri na kuushindilia ndani ya godoro la sufi, sindano na yote, maana nilijua nitavuliwa. Mganga alinifunika kitambaa chenye maji, akaninyonya kinena kwa pembe, akatema kwenye sahani. Kling! Sindano. Watu walishangilia hadi mtaa wa pili. Niliinua kichwa nikaitazama: ilikuwa sindano ya kushonea magunia, ndefu kama kidole changu cha kati, mara mbili ya ile ya kwenye picha. Picha yenyewe ilikuwa hatua kumi kutoka pale. Hakuna aliyekwenda kulinganisha.

"Umepona," alisema Mzee wa Ufunguo.

Nilikuwa nimepona, basi. Sikuwa na sababu tena ya kutocheza.

Siku ya mechi sikuthubutu kuuvaa mkaja. Niliogopa kuanguka, kaptula kuteleza, na kitambaa chake kuonekana na uwanja mzima. Nilicheza bila kushikwa na kitu. Wakati fulani kipindi cha kwanza, mpira ulinijia vizuri upande wangu wa kulia, nikainua mguu kuupiga krosi. Nilisikia sauti. Nasema nilisikia, kama kanga inavyochanwa. Nikaanguka na sikuweza hata kujikunja.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yangu. Aliinama, jasho lake likanidondokea usoni.

"Shemeji, umeumia kweli."

"Kweli," nilisema. "Tangu siku ile."

"Nilijua tangu siku ile," alijibu, akainua mkono kuita machela.

Safari hii kilionekana. Siku ya pili weusi ulishuka kutoka kinenani hadi karibu na goti, zambarau na kijani, na watu walikuja makundi kuuona. Niliwafunulia. Kumbe baada ya kuonwa mifupa mtu hana aibu tena. Wakaleta machungwa, wakaleta pole. Nilikuwa mchezaji wao wa kweli, niliyevunjikia kazini.

Nilirudi kwa daktari peke yangu, kwa mkongojo. Msaidizi aliponiuliza kama nimevua vyote, nilimfungulia shuka aangalie mwenyewe. Picha ya pili ilionyesha kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mchele, kimebanduka pale nyama inaposhika. Sindano haikuwapo. Nikamweleza daktari habari yote. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia.

"Nilijua ni nguo," alisema. "Sikujua kwa nini unaficha. Ungeniambia tu, daktari, mtoe huyu mzee nje. Ningemtoa."

Sentensi moja fupi namna hiyo. Nilikaa nje kwenye ngazi zake muda mrefu nikiirudia.

Kutoka pale nilikwenda Gerezani. Baba mkwe alinipokea, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatuacha uani. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakusimama.

"Sindano yangu iko wapi?"

Nilikuwa nayo mfukoni, nimeichomeka kwenye kipande cha karatasi. Akaipokea, akaifuta, akaichomeka kwenye pindo la kanga yake.

"Nimekuja kukuchukua," nilisema.

"Pale waliponisemea, ndipo ukanisemee. Mimi nitasikia. Ukimaliza nitarudi nyumbani kwangu."

Jumapili barazani kulijaa. Alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, penye kivuli cha duka la mafuta ya taa, mtoto mgongoni. Mimi nilisimama kwa mkongojo chini ya ile picha na nikasema yote. Nikasema mkaja, nikautoa kwenye mfuko nikaukunjua, dhiraa zote tatu. Nikasema sindano, nikasema kanzu, nikasema pazia na kiganja cha Mzee wa Ufunguo. Nilingoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nilikuwa tayari kuitwa mzazi mpaka kufa.

Hawakucheka. Walitazamana kwa majonzi.

"Unamwona?" Mzee wa Ufunguo aliwaambia wengine. "Mwanamke amempata hata sasa. Mpaka anajivika nguo ya uzazi kwa ajili yake."

Nikatoa picha ya pili. Niliwaambia watazame wenyewe, siku hiyo nilikuwa uchi, na sindano haipo. Waliichukua, wakaishika dhidi ya jua karibu na ile ya kwanza, wakalinganisha kwa makini sana. Kisha kelele zikapanda, watu wakashikana mikono. Ile ina sindano, hii haina! Kumbe mganga aliitoa kweli! Wakabandika na ya pili dirishani.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walikataa maumivu yangu yalipokuwa hayana picha, na sasa walikataa maneno yangu kwa sababu ya picha. Mtu mmoja alinishika mkono kwa upole akanikalisha.

Nilipotazama ng'ambo ya barabara, mke wangu alikuwa ameanza kutembea kuelekea nyumbani kwetu. Alikuwa amesikia. Nikamfuata kwa mkongojo.

Sikucheza tena. Tuliishi nyumba ile ile, tukazaa wengine wanne, na kila alipojifungua alijifunga mkaja ule ule. Picha zilikaa dirishani mpaka jua likazila. Lakini kwenye harusi na hitima za mtaa, wanawake walimkaribisha mke wangu kuchagua mchele, wakacheka naye, wakamshikisha watoto wao. Chungu hawakumwachia. Alipika vizuri kuliko wote, na hakuna nyumba ya mtaa ule iliyotia mdomoni chakula chake.

Kila Idi alitoa sahani saba za pilau, akazifunika kwa vitambaa, akanipa nipelekee majirani. Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru. Jioni sahani zilirudi zimeoshwa, na asubuhi niliikuta pilau yetu kwenye pipa la taka la mtaa, haijaguswa, zabibu zake zote juu.

Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia aache, anajidhalilisha bure, na mchele wetu unatupwa. Alikuwa anafunika sahani ya saba.

"Wewe ulisema mara moja," alisema. "Mimi nasema kila Idi."

Nikazichukua sahani, mbili mbili, nikapeleka.